Tawi la Kunyonyesha

Ukiuona mti wangu wa avokado leo utanisifu, na mimi nitaipokea sifa, kwa sababu sijajifunza kukataa kitu kizuri. Wajukuu wangu wamesoma kwa mti huo. Wanunuzi kutoka Nkubu huuzunguka wakiukagua kama ng'ombe wa maziwa. Lakini shina si langu. Shina ni la mama mkwe wangu. Mimi niliukata kichwa nikauwekea kingine.

Aliupanda mwenyewe kwa kokwa, alipoolewa hapa. Avokado zake zilikuwa kubwa, ganda laini la kijani, moja inashibisha watoto wawili. Mama alikuwa amebaki na meno mawili yasiyokutana, kwa hivyo aliziponda na ndizi za kuchemsha, akala hivyo asubuhi na jioni. Akitaka kujua kama avokado imekomaa, aliitikisa karibu na sikio. Kokwa ikicheza ndani, anachuma. Mimi nikichuma bila kutikisa, ananiambia, "Wewe mke wa mwanangu, masikio yako ni ya kubebea hereni tu."

Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Tulipeleka kahawa kiwandani tukarudi na maneno. Bwana shamba akatuambia kuna avokado nyeusi inayotakiwa ng'ambo, na mti mzee hauna haja ya kung'olewa. Unakatwa matawi, unapachikwa vijiti vya ile nyeusi, unafungwa nailoni. Wakati huo Mama alikuwa Timau kwa binti yake aliyejifungua.

"Tumngoje mama," mume wangu akasema.

"Msimu wa kupachika utapita," nikamjibu.

Msimu haungepita. Nilijua Mama akiwapo atakataa, na akikataa hakuna wa kumshinda. Ngazi niliishika mimi mwenyewe.

Kufikia jioni mti ulikuwa visiki vilivyofungwa nailoni, kama vidole vyenye vidonda. Bwana shamba aliacha tawi moja tu la zamani. "Hili ni la kunyonyesha," akasema. "Linalisha mizizi mpaka vijiti vishike. Vikishika, ulikate."

Mama alirudi na gunia la viazi mgongoni. Akasimama langoni, hata gunia hakulitua.

"Watu husema Timau kuna baridi," akasema. "Kumbe baridi ilinitangulia nyumbani."

 Tangu siku hiyo aliacha avokado, kama mtu anavyoacha ugoro. Tawi lililobaki likazaa. Nilichuma, nikatikisa kwanza, nikampelekea. "Wape watoto," akasema. Akala ndizi zake kavu, nami nikiwa jikoni nikimsikia akizimeza kwa shida. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana mnamalizana.

Vijiti vilishika. Vilipoanza kutoa maua, bwana shamba akanigombeza kwamba tawi la zamani bado linakula nguvu na kuvitia vijiti kivuli. Nikasema msumeno umekuwa butu. Aliporudi, nikasema mume wangu anaumwa mgongo, na huku mume wangu anapita nyuma yake na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nilijiambia tawi hilo likiwepo, iko siku Mama atakula, nami nitapumua.

Aliyemaliza jambo ni yeye. Alinikuta nimesimama chini ya lile tawi bila kazi.

"Mtoto ameota meno na bado ananyonya?"

"Mama, hili nimekuachia wewe."

"Tawi sikukuomba. Na mti hukuniomba. Kata."

Mume wangu akalikata. Mama akaokota avokado zote zilizoanguka nalo, akazitia kwenye kiondo, akaenda nyumba hadi nyumba akigawa. Mlango wangu akaupita. Ilikuwa haki yake, na mimi si mtu wa kulia barazani.

Zile nyeusi zilipokomaa, nilichuma ya kwanza, nikaifukia kwenye mahindi hadi ikalainika. Niliiponda na ndizi, nikampelekea kwa mikono miwili. Nikakaa kwenye kigoda nikifuata kijiko kwa macho. Alikula polepole akamaliza, akafuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Ni tamu, Mama?"

"Ni tamu."

Akanirudishia bakuli. "Asante," akasema.

Miaka yote niliyompikia, Mama hakuwahi kuniambia asante. Alikuwa akisema chumvi imezidi, au nimeponda kama mtu anayefukuzwa, au anauliza kama kuna kilichobaki sufuriani. Kwetu mtu wa nyumbani hashukuriwi kwa chakula. Asante ni ya mgeni.

Alikula avokado yangu nyeusi hadi alipofariki, na kila bakuli aliniambia asante, kwa upole kabisa. Nami kila mara nilimjibu, "Karibu, Mama."