Kinu cha Maximilla

Hapa Titye kila mtu anajua kwamba mwanamke akikalia kinu hazai. Ininahazwe alikikalia siku moja, na baada ya miaka mitatu bila mtoto, mumewe Pasikali akaamua kumrudisha kwao. Maximilla, mama yake Pasikali, akawazuia mlangoni.

“Maneno hayo niliyatunga mimi! Dada zako walikuwa wanakipasua kinu changu kwa kukikalia, nikawatisha.”

“Mama, unamtetea mkweo tu.”

Mimi, jirani yao, nikapaza sauti: “Mtungaji mwenyewe amekiri, unataka nini tena? Nendeni hospitali, wote wawili!”

Pasikali akasita, begi la mkewe mkononi.

Maximilla akanivuta pembeni. “Mwanangu, kweli niliyatunga mimi,” akanong’ona. “Lakini mbona hazai?”