Fainali yangu ya kwanza kama mkurugenzi wa michezo Sydney, na mgeni rasmi niliyemsubiri

Wakuu, heshima kwenu. Leo najichoma mwenyewe kabla rafiki zangu hawajanichoma. Sijaongeza chumvi, mashahidi wapo mtaa wa Toongabbie na wanacheka mpaka leo.

Mimi ni mkurugenzi wa michezo kwenye college moja hapa Sydney. Kabla ya hapo nilipanga maboksi warehouse ya Ingleburn miaka minne, huku weekend nafundisha watoto mpira bure. Hii kazi nilipewa kwa probation. Yaani nikiharibu, narudi kwenye maboksi.

Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa fainali ya mpira. Nikasema, ngoja niwaonyeshe sherehe inavyopangwa.

Nikamwalika principal, yaani mkuu wa college, kwa email awe mgeni rasmi. Akajibu atakuja. Alikuwa mpya, anakaa kampasi ya mjini, sijawahi kumwona. Msiniulize kwa nini sikutafuta picha yake.

Jumamosi nikatinga suti. Meza kuu, kitambaa cheupe, maua, maji. Timu zimejipanga mstari kusubiri kukaguliwa.

Saa nne ikafika, kimya. Saa nne na nusu, kimya.

Kwetu mechi kama hiyo haianzi bila mgeni rasmi, mnajua wenyewe.

Refa wetu Papa Deo, Mkongo wa Lidcombe, akanifuata kakunja uso: "Chef, mkuu wangu, tunangojea nani? Terrain, huu uwanja, ni yetu mpaka midi, saa sita tu, after that ni watu wa cricket!"

"Vuta subira Papa, mkubwa yuko njiani."

Nikaenda kwenye jiko la soseji kutuliza roho. Mama mmoja wa makamo, kaptula, ndala na kofia ya jua, alikuwa anageuza soseji. Nikajua ni mzazi. Akanipa moja kwenye mkate, akauliza mbona hatuanzi.

Nikamwaga yote. Principal kachelewa, wakubwa ndivyo walivyo, hawajali watu juani.

Akacheka mpaka akaweka koleo chini. "Mate, I'm the principal. I've been here since nine."

Wakuu! Niliyaona maboksi ya Ingleburn yananipungia mkono.

Akafuta mikono kwenye kaptula, akaenda na ndala zake kumpa mkono kila mchezaji, akiuliza jina lake. Beki wetu, Mrundi aliyezaliwa kambini Tanzania, alitabasamu mechi nzima, ingawa timu yake ilifungwa.

Jumatatu akaniita. Nilienda na begi limeshafungwa.

Akanipa barua ya kuthibitishwa kazini. Akasema mwakani anataka kukagua timu tena, lakini filimbi ipulizwe saa nne kamili, awepo asiwepo. Nilitoka pale nikalia chooni kwa furaha, sifichi.

Nilichojifunza: heshima ya kwetu ni nzuri, wenzetu wanaipenda kweli. Ila usimtafute mkubwa kwa suti, na usimsengenye bosi kwa mtu usiyemjua.

Nanyi mlio ugenini, itifaki gani ya nyumbani iliwaumbua? Mwageni hapa nisichekwe peke yangu.

Meza kuu bado tunaiweka kila mwaka. Siku hizi inakaa soseji.