Walivyozisafisha Chupa

Bi Chupa hakupiga kelele. Wafanyakazi wa taasisi ya utafiti wa bahari walikuwa wamejiandaa kwa kelele: dada wa mapokezi alikuwa ameshaondoa vikombe mezani, na dereva alikuwa amekwenda kujaza mafuta gari ambalo tangi lake lilikuwa limejaa. Mama huyu alisimama tu katikati ya ukumbi mpya, mkoba bado begani, akautazama ukuta mzima wa rafu za vioo zilizomulikwa taa za buluu kwa chini.

Viumbe wake wote walikuwa pale. Walihamishiwa kwenye chupa mpya za ukubwa mmoja, zenye vifuniko vyeupe, na spiriti ilikuwa imebadilishwa hadi ikang'aa kama maji ya kunywa. Kaa, pweza, majongoo bahari na minyoo walikaa humo kama wanafunzi waliovishwa sare kwa lazima. Kwa nje kila chupa ilibandikwa namba ya rangi ya dhahabu. Ndani hapakuwa na kikaratasi hata kimoja.

"Vikaratasi viko wapi?" aliuliza.

Mkurugenzi alitoka ofisini akitabasamu, akainama kidogo. Zamani alikuwa mwanafunzi wake. Bi Chupa ndiye aliyemfundisha kumshika mnyoo kwa koleo bila kumkata mkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Tangu wafahamiane hilo lilikuwa halijawahi kutokea, na waliokuwa karibu wakaanza kuangalia viatu vyao.

Mkurugenzi alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuongea haraka. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuufungua ukumbi. Chumba cha chupa kilikuwa giza na kilinuka. Kampuni ya mapambo aliyoiagiza ilikuta vikaratasi vimegeuka rangi ya chai, vingine vimewagandia wanyama mgongoni, vinatia aibu. Wakavitoa, wakavitia kwenye mifuko myeusi pamoja na chupa kuukuu, na gari la taka likapita. Alidhani Mwalimu akirudi safari angefurahi.

Hasira iliyompanda Bi Chupa ilikuwa na umri mkubwa kuliko mkurugenzi mwenyewe. Ilianzia siku yake ya kwanza kazini, msichana aliyetoka chuo juzi, alipokwenda kuripoti kwa mtafiti mzee aliyeanzisha mkusanyiko ule. Alitegemea kupewa wavu, au angalau viatu vya mpira. Mzee alimpa penseli. Wino huyeyuka kwenye spiriti, alimwambia, penseli haiyeyuki. Kikaratasi kinakaa ndani ya chupa kwa sababu cha nje hubanduka. Na juu yake yanaandikwa mambo manne: wapi, kina gani, lini, na nani aliyemkamata. Msichana akauliza, mbona jina la mnyama halimo? Mzee akamjibu kwamba jina linaweza kusubiri hata miaka mia, atakuja mjuzi mwingine alitoe. Mahali na siku hakuna wa kuvitoa isipokuwa wewe, leo, kabla hujakausha mikono.

Aliishi hivyo. Maji yakipwa alikuwa kwenye tope hadi magotini. Yakijaa alikuwa maabara. Mume alimpata, akamkosa. Yule bwana alisema amechoka kulala kwenye nyumba inayonuka kama wodi. Watoto wa mtaani ndio waliompa jina la Bi Chupa, na walevi wa mtaani, waliposikia ana chumba kizima cha spiriti, wakagundua kwa ghafla kwamba wana udugu naye.

Kisha akaanza kuandika. Kila wiki gazeti lilitoa safu yake kuhusu kiumbe mmoja wa baharini, na kila safu ilianza namna moja: wapi, kina gani, lini. Mhariri alimbembeleza ayaondoe maneno hayo. Wasomaji wanataka bahari, alimwambia, hawataki risiti ya bahari. Akamjibu kwamba siku atakapoiondoa risiti aondoe na jina la mwandishi pia. Risiti ikabaki. Watu walicheka, wakazoea, wakaanza kukata safu zile na kuzitunza. Baadaye zikawa kitabu, na kitabu hicho ndicho kilichompeleka ng'ambo kwa miezi kadhaa, kukisoma mbele ya watu waliojifunga skafu. Huko, kwenye makumbusho moja, walimvalisha glovu kwanza ndipo wakamwonyesha chupa yenye kikaratasi kilichoandikwa kabla bibi yake hajazaliwa. Kilikuwa na rangi ya chai. Alikitazama akajisemea, nyumbani ninavyo chumba kizima.

Nyumbani hakuwa navyo tena, na hapakuwa pa kurudi kuokota. Mwamba alikokusanya zaidi ya nusu ya wanyama wale ulikuwa umezikwa chini ya gati la zege. Chupa zile ndizo zilizokuwa shahidi: hapa, kabla ya zege, palikuwa na huyu. Bila kikaratasi, shahidi anageuka mlevi aliyekutwa amekufa barabarani bila kitambulisho. Unaweza kumhurumia, lakini hawezi kukwambia lolote.

Mkurugenzi alimfuata hadi mlangoni, akashusha sauti. Alikuwa na wazo. Mwalimu anawajua wanyama hawa kuliko mtu yeyote, na kuandika ndiyo fani yake. Aandike vikaratasi vipya, vizuri, vyenye mahali na tarehe.

"Nikumbuke wapi kila mmoja alitoka?"

"Unapokumbuka, kumbuka. Usipokumbuka, weka kinachofaa. Mwalimu, nani atajua?"

Bi Chupa aliutazama tena ukuta wa rafu. Halafu akasema ataandika, akaondoka.

Bi Chupa alikuwa akiishi na mdogo wake, mkunga, mwanamke wa utani mwingi ambaye kwa miaka yote alikuwa akimuuliza dada yake leo wagonjwa wake wa kwenye chupa wameamkaje. Siku hiyo mkunga alimkuta dada yake jikoni akikatakata vitunguu visivyo na kosa lolote, kisu kinagonga ubao kama nyundo. Alisikiliza habari yote, kisha akajaribu kumtuliza. Si samaki waliokufa tu jamani, alisema, na sasa wana taa.

Bi Chupa aliweka kisu chini.

"Nikija wodini kwako nikawavua watoto wachanga wote tepe za mkononi, kwa sababu zimechakaa na picha haitapendeza. Nikazitupa. Halafu nikakwambia, wewe mkunga wa siku nyingi, waandikie mama zao. Usipokumbuka, weka anayefaa. Utafanya nini?"

Mkunga hakucheka. Alivuta kigoda akakaa. Akasema, "Dada, mimi ningeshakuwa mahabusu."

Kesho yake Bi Chupa alirudi taasisini na penseli, karatasi ngumu, dumu la spiriti na bahasha kubwa ya safu zake za zamani. Alikaa kwenye stuli mbele ya rafu, akaanza na wale aliopata kuwaandika gazetini. Pweza mwenye mkono mmoja mfupi alikuwamo kwenye safu, na hapo juu ya safu risiti yake: wapi, kina gani, lini. Kaa aliyebeba sifongo mgongoni alikuwamo. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, mwenye mikono sita badala ya mitano, alikuwamo. Kila mmoja aliyekuwa na alama ya kumtofautisha na wenzake alirudishiwa yake, na kwa hao mkono wake ulikwenda haraka.

Kisha akafika kwa minyoo, rafu baada ya rafu. Kahawia, kijivu, myembamba, yote inafanana. Hakuwa amewahi kuiandikia hata safu moja. Aliwahi kujiambia kwamba wasomaji hawatapenda minyoo, akawapa wenye rangi na vituko, wiki baada ya wiki, akipokea barua za pongezi. Yeye naye aliwachagua wanaopendeza. Mkurugenzi aliwachukulia karatasi zao, lakini yeye ndiye aliyewanyima karatasi ya pili, ile ya gazeti. Alilishika dumu kwa nguvu hadi dada wa mapokezi akauliza kama anahitaji maji, akaambiwa la, anahitaji kuachwa.

Alikumbuka mengi. Angeweza kuapa kwamba chupa fulani ilitoka ukingo wa mashariki wa ule mwamba. Karibu angeapa. Lile "karibu" alilitafuna kutwa nzima. Halafu akachonga penseli.

Siku ya ufunguzi wageni walipita mbele ya rafu wakiwa na bilauri mikononi. Mkurugenzi alitangulia, akisifu taa. Vikaratasi vipya vyeupe vilionekana vizuri ndani ya kila chupa, na alikuwa ameshavisifu kwa mbali. Mgeni wa heshima, mwanamke mzee mwenye miwani mikubwa, ndiye aliyeinama kusoma kwenye rafu za minyoo, na alisoma kwa sauti, kama watu wasioona vizuri wanavyofanya.

"Mahali: hapajulikani. Kina: hakijulikani. Siku: haijulikani. Kikaratasi cha kwanza kilitupwa taka mwaka huu, wakati wa usafi. Aliyeagiza: mkurugenzi wa taasisi."

Akahamia chupa ya pili, ya tatu, ya kumi. Maneno yalikuwa yale yale, mwandiko ule ule, rafu hata rafu. Minong'ono ikafa mmoja mmoja.

Mkurugenzi alimfikia Bi Chupa pembeni, uso umemvimba. Alisema huku amebana meno kwamba vitolewe vyote leo hii, mambo haya yangezungumzwa ndani, amemvua nguo mbele za watu.

"Kuna neno la uongo humo?" aliuliza Bi Chupa.

Mkurugenzi aligeuka kuwatazama wageni.

"Basi kavitoe," alisema. "Fungua chupa moja moja, watu wanakuangalia. Kazi hiyo unaijua."

Mkurugenzi alinyoosha mkono hadi kwenye kifuniko cha chupa iliyokuwa karibu. Mgeni wa heshima aliinua miwani kumtazama. Mkono ukakaa pale juu ya kifuniko cheupe kitambo, halafu ukarudi mfukoni.

Bi Chupa alikuwa ameshamgeuzia kisogo. Pale rafu ya chini chupa moja ya mnyoo ilikuwa imevuja, spiriti imeshuka hadi nusu. Alivuta stuli, akaegemeza mkoba ukutani, akafungua dumu.