Ndizi Kavu za Maman Nabintu

Siku yangu ya kwanza kazini, mratibu wa shirika letu, pale Muhumba mjini Bukavu, hakunipa hata kiti. Alinipeleka uani kunionyesha kikaushio: sanduku la mbao, bati jeusi chini, plastiki angavu juu, na wavu wa kutandazia chakula katikati. Hewa huingia kwa matundu ya chini, hupata joto, kisha hutokea juu ikiondoka na unyevu. Msidhani ni kuanika tu. Kuanika hata bibi zetu walijua, na nzi walijua pia.

“Jua ni ya bure, maman,” akasema, “lakini ndizi ni ya client. Maman akikula ya groupe bila réunion, anatoka.” Yaani ndizi ni mali ya mteja, na mama atakayeila bila kikao cha kikundi anafukuzwa.

Nilianzia Kadutu, kwa kina mama wa nyanya na mboga za lengalenga. Kisha nikahamishiwa Cimpunda, mtaa wa huko huko Kadutu, kwenye kikundi cha ndizi cha Maman Nabintu, présidente, yaani mwenyekiti wao, mjane aliyelea mjukuu wake peke yake. Ndizi hukatwa nyembamba, maana kipande kinene hukauka nje kikaoza ndani. Ikiwa tayari hukunjika bila kukatika. Nabintu alikuwa mkali, hakuna aliyeonja mbele yake.

Vita vilipoingia Bukavu, mzigo wa mteja ulikuwa umeshafungwa kwenye magunia. Tulikimbia nao migongoni, kamba kwenye paji la uso. Msituni hatukuthubutu kuwasha moto, moshi ungetuitia askari. Watoto walilia njaa, kisha wakaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Bado hakuna aliyefungua gunia. Kikundi kile kilikuwa kitu cha kwanza wanawake wale kumiliki, na sheria yake waliishika kama kiapo.

Nikamnong'oneza Nabintu aitishe kikao. Mjukuu wake alikuwa amelegea mapajani pake.

“Hapana. Batasema présidente anatafutia mutoto wake.”

“Basi njo miye naita réunion.”

Tukaketi kwenye majani, na mikono yote ikainuka kukubali gunia lifunguliwe. Nabintu akagawa mwenyewe, watoto wa wenzake kwanza. Za mjukuu wake alizitafuna kwanza, akamtia mdomoni, naye mtoto akameza. Mgao wake mwenyewe aliurudisha guniani, siku ile na zilizofuata.

“Présidente anakulaka wa mwisho,” alisema.

Nabintu tulimzika njiani, kabla ya kurudi mjini.

Mratibu aliponiona tena aliuliza, “Ndizi ya client iko wapi?”

“Batoto balikula, Papa. Bako bazima.”

Akainamisha kichwa.

Sasa nimestaafu. Vijana mnanijia kuuliza unene wa vipande na namna ya kufunga mifuko, nami nawafundisha kwa moyo wote, maana kazi hii imesomesha watoto wengi. Ila ndizi kavu siwezi kula. Nabintu nilimpenda kama dada, na hadi leo nina hasira naye. Kipande kimoja tu, Maman Nabintu. Nani angekulaumu?