Mashua ya Mithika wa Githongo

Mithika wa Githongo hakuwahi kuona maji mengi kuliko ya mto uliofurika, lakini ndiye aliyeunda mashua ya mbio iliyowashinda wazungu wa Naivasha. Usicheke. Tangu ujana alichonga mizinga ya nyuki, na mtu anayeweza kulitoboa gogo lisipasuke hatishwi na mbao za mashua.

Aliyemwajiri ni Bwana Halford, mnunuzi wa mbao aliyependa matanga kama wengine wanavyopenda pombe. Miaka miwili Mithika alipinda mbao za muuru, mti wa misitu ya kwao Meru, kwa mvuke na kuzipiga msasa mpaka zikang'aa. Mkewe Kiende alikuwa ameshafariki, watoto hawakujaliwa, na mashua ile ndiyo iliyokuwa ikimngoja kila asubuhi. Halford alimwahidi kwamba siku ya kuishusha majini angempeleka akaione.

Siku ya mwisho ya kazi alifanya kosa. Kwao mzinga hautundikwi bila alama ya mwenyewe. Ukishatiwa alama, hata mwenye njaa haugusi. Basi mkono ukajiendea kwa mazoea. Akachonga duara na mistari mitatu ndani ya pua ya mashua, mahali pa giza.

Haukupita muda, serikali ikatangaza hali ya hatari. Mmeru asiye na pasi akawa hawezi kutoka wilayani, na Halford hakujisumbua kumwombea. Mashua ikapakiwa kwenye lori la kwenda Naivasha, fundi akabaki barabarani na vumbi lake.

Habari zilimfikia kwa kinywa cha Kasim, dereva wa Meru mjini. Halford aliogopa vita, akamuuzia mashua mwenye hoteli mmoja, akarudi kwao. Mwenye hoteli akaipoteza kwenye karata, ikawa ya kapteni wa jeshi. Kila mmoja alishinda nayo vikombe na kujisifu. Mithika aliuliza jambo moja tu: inavuja? Kasim akasema haivuji hata tone. Jioni ile Mithika alikula akashiba, jambo ambalo lilikuwa limeanza kuwa adimu kwake.

Mwaka 1954 kapteni, akitafuta kamba, akaiona ile alama. Akaapa kwamba ni alama ya kiapo cha Mau Mau. Jina la fundi likatafutwa, na Mithika akasafirishwa kwa lori la askari, pingu mikononi, mpaka ukingoni mwa ziwa.

Hapo ndipo alipoiona. Ilikuwa imeelea, nyepesi, ikitingishika kidogo. Furaha ilimjaa, akaionea aibu, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia ila askari aliyemshika.

"Hii alama ya nani?" kapteni akauliza.

"Yangu, Bwana."

"Maana yake nini?"

"Kwamba ni yangu."

Kapteni alimtazama, kisha akacheka. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba hapakuwa na kiapo, ila kicheko chake hakikudumu. Akaamuru afunguliwe pingu, akampa patasi, randa, msasa na mafuta. Akiifuta alama ataandikiwa pasi ya kurudi kwao. Akikataa ataingia kambi ya kizuizini, na kambini watu wa umri wake hawakuwa wakitoka.

Mithika aliinama ndani ya pua ya mashua, akakaa humo muda mrefu. Angeweza kukwangua ovyo na kuacha kovu, lakini mikono haikujua kazi mbaya. Aliiondoa alama taratibu, akapiga msasa, akapaka mafuta, mpaka asiyejua asingepajua. Kapteni akapapasa, akaridhika. Kisha akapandisha tanga na kuondoka na upepo, na Mithika akaitazama mpaka ikawa ndogo.

Aliporudi Githongo, jirani yake Wanja alimletea uji. Akamuuliza alikopelekwa. Mithika akasema aliitwa kurekebisha mashua.

"Mashua ya nani?" Wanja akauliza.

Mithika akanywa uji wake kwanza.

"Ya mzungu," akasema.