Rehema Aliyeombea Mtaa Wetu Matuta

Jamani, nakataa. Jana nimeona jeneza likitoka getini kwao, wanaume wakipokezana mabegani, na bado nakataa. Rehema ametutoka? Rehema huyu huyu?

Kwa msiomjua: alikuwa jirani yangu hapa Mbuya, ukuta kwa ukuta. Kazini pia tulikuwa wote, kwenye guest house moja Kabalagala. Yeye front office, mimi jikoni. Figo ndizo zimemchukua.

Nilikuja kutoka Bukavu sijui mtu Kampala nzima. Siku ya kwanza kazini alinisikia nikiongea Kiswahili changu cha Kongo, akacheka mpaka akashika kaunta. Halafu akaniletea chai.

Kwao wanaongea Kiswahili tangu babu wa babu zake walipofika hapa na biashara zao, basi alijiona mwalimu wetu sote!

Na mdomo alikuwa nao, nisidanganye. Mgeni akikawia kutoka chumbani, Rehema anagonga mlango mwenyewe, tabasamu usoni, maneno ya moto mdomoni.

Halafu gari likamgonga binti yangu Neema.

Barabara yetu ni nyembamba, ya mteremko, nyumba pande zote mbili. Lakini jam ikikaza huko chini, kila mwenye haraka anapitia kwetu kana kwamba hapaishi watu. Neema alikuwa anavuka kwenda dukani. Mguu ulivunjika. Dereva hata hakusimama.

Mguu ulipona. Mimi sikupona. Tangu siku hiyo sikumwacha mtoto avuke bila mkono wangu, hata kwenda kununua kiberiti hapo ng'ambo. Msichana mkubwa, wenzake wanamcheka, na mimi nimemng'ang'ania tu.

Rehema akaniambia, "Mama Neema, utamshika mkono mpaka aolewe? Mwenye makosa ni barabara, si mtoto."

Ndipo alipoanza kwenda ofisi za jiji kuomba matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Aliifanya ile kazi kama ya ofisini: follow-up Jumatatu, follow-up Ijumaa. Wanamwambia wamepokea, wanashughulikia, arudi. Naye anarudi kweli!

Siku moja akachoka kurudi. Niliamka nikakuta migomba imesimamishwa juu na chini ya barabara yetu, mibichi, na majani yake yote.

Kampala ukiona migomba imepangwa kando ya njia unajua kuna shughuli: harusi, au kwanjula ya msichana anayetambulisha mchumba. Unapunguza mwendo utafute ni nyumba ipi. Basi magari yote yakapunguza! Madereva wanachungulia mageti yetu, wengine wanatupungia. Tulicheka mimi na yeye mpaka machozi.

Mchana akafika Chairman wa zone, mkuu wa mtaa wetu, kanzu na koti, amenuna kwelikweli.

"Nyinyi nafanya kwanjula kwa zone yangu, na Chairman hapana pata invitation?"

Mwingine angeomba radhi. Rehema alimvutia kiti pembeni ya barabara, akamwekea chai na sambusa. "Kaa, ssebo, mzee wangu. Shughuli yenyewe ndiyo hii, kutazama magari." Kisha akapanda mteremko na gauni lake refu, akaiangusha migomba yote ya upande wa juu.

Chai haikupata hata kupoa. Gari moja jeupe likateremka kwa kasi, Chairman akainua miguu juu, kikombe chote kikamwagikia kanzu.

"Wewe ni mtu mzima na umekaa pembeni," Rehema alimwambia, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Akamwonyesha Neema pale getini. "Huyu mtoto alikuwa ndani ya barabara."

Chairman alimwita Neema, akatazama kovu la mguuni. "Kale, sawa," alisema. "Kesho nakwenda na wewe."

Wakaenda kesho, na kesho nyingine nyingi. Hata Rehema alipoanza kuvimba miguu alikuwa anakwenda. Nilimgombeza apumzike, akaniambia nirudi jikoni kwangu. Nilimkasirikia sana, na nilimpenda sana.

Lori la lami ya matuta lilikuja yeye akiwa wodini. Iliniuma sana. Nikampigia simu nimesimama pale pale barabarani, naanza kumweleza, akanikatiza.

"Nyamaza, Mama Neema, nisikie."

Nikainyoosha simu. Gari likaja, likapunguza, tairi za mbele zikapanda zikashuka, za nyuma zikafuata, chuma kikilia chini yake.

"Alhamdulillah," alisema. Halafu, "Mwambie huyo abadilishe shokapu." Hata pale kitandani! Alicheka, na sikumsikia tena akicheka.

Dada Rehema, leo asubuhi nyumbani kwenu wamejaa watu, wanawake tunapika, chumvi ikaisha. Neema akajitolea kwenda dukani. Alifika getini akasimama, akaninyooshea mkono kama siku zote.

Nilitaka kuushika. Mungu anajua nilitaka. Nikauficha wangu ndani ya kitenge, nikamwambia, "Enda, mama. Enda yako tu."

Akanitazama kwanza kama hajasikia. Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia. Gari lilikuwa linateremka. Likafika kwenye tuta, likapunguza, likasimama kabisa, dereva akampa ishara apite.

Hakukimbia, Rehema. Alitembea.

Nililia pale getini kwa sauti, akina mama wakaja kunishika wakidhani ni uchungu wa msiba peke yake.

Lala salama, dada yangu. Mtoto amevuka.