Fundo Kavu

Muuza zana za uvuvi katika soko la Turwa hatulii. Agustina, anayeuza ndizi meza ya jirani, hajawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Mara anakwaruza ndoano kwenye ukucha, ikiteleza anainoa upya. Mara anavuta nailoni mpaka kidole kinageuka cheupe. "Ukikokota chambo nyuma ya boti, mashine iende polepole," huwaambia wateja. "Ukikata kona kitazama kidogo. Hapo ndipo sangara anang'ata." Na kila fundo hulilowesha mate kabla ya kulikaza, maana likikazwa kavu, nailoni inaungua kwa msuguano na kukatika upesi.

Jana alimfungia mvuvi mmoja chambo huku akibishana kwenye simu. Pikipiki ya mvuvi ilipoondoka, muuzaji akagusa midomo yake. Mikavu.

"Mama Irine, niangalizie meza!" akamwambia Agustina.

Akatimua mbio, kandambili moja ikabaki mtaroni. Agustina akaiona pikipiki ikisimama kule mbali, na muuzaji ameinamia ndoano kama anaibusu. Alirudi akihema.

"Fundo lilikuwa bovu, baba?" Agustina akauliza.

"Hapana, zima kabisa."

Kisha akachukua mkasi, akaanza kukata mafundo yote aliyofunga tangu asubuhi.

"Na haya je? Sikumbuki kama niliyalowesha."